Jinsi ya Kuzisimamisha na Kuzirudia Kazi za Kufuma na Felti Zilizobaki Njiani

Mtu anayefuma kwa kujifurahisha huwa hana kazi moja. Ana sweta lililofika kwapani, soksi ya mguu mmoja, shali ya kupumzisha akili, kipande cha felti (kitambaa cha sufu iliyogandamanishwa bila kufumwa) kinachosubiri maji, na sungura wa sufu ambaye bado hana masikio. Wanaomzunguka watamkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sikubaliani nao. Kazi nyingi hazifi kwa kuwekwa kando. Zinakufa kwa sababu ziliwekwa kando vibaya: katikati ya mstari, bila kuandikwa chochote, sindano ikichomolewa ikatumike kwingine. Mwongozo huu basi haumlazimishi mtu kumaliza kila alichoanza. Unaeleza namna ya kusimama mahali ambapo utaweza kuendelea, hata kama utarudi miezi sita baadaye ukiwa umesahau kila kitu.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Tafuta saa moja au mbili za mchana zenye mwanga mzuri. Toa mifuko yote, ya juu ya kabati na ya chini ya kitanda, na utandaze kila kazi peke yake. Usianze kufuma. Kishawishi kitakuwepo, hasa ukikutana na kofia iliyobakiza mistari michache, lakini kwa sasa unakagua tu.

Cha kwanza kutafuta ni nondo. Yule mdudu mdogo wa rangi ya dhahabu iliyofifia anayeruka ndani ya nyumba hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, na chakula chake ni keratini, protini inayojenga sufu, nywele na manyoya. Dalili zake ni vitundu visivyo na mpangilio, chembechembe kama mchanga, na utando mwembamba uliojificha kwenye mikunjo au katikati ya donge la uzi. Anapenda giza na utulivu, kwa hiyo kazi iliyoachwa chini kabisa ya sanduku ndiyo karamu yake. Pamba na akriliki havimvutii sana, ila vikiwa na jasho au mabaki ya chakula huweza kuguguna.

Ukimkuta au ukimshuku, funga kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko mara moja. Subiri urudi kwenye joto la chumba, ili mvuke utande nje ya plastiki usije ukalowesha sufu. Harufu ya mti wa mwerezi au ya lavenda inaweza kumsumbua nondo kidogo, lakini haiui mayai yaliyokwisha kutagwa. Mimi siitegemei.

Baada ya nondo, angalia kutu kwenye sindano za felti, ukungu au harufu ya unyevunyevu kwenye kazi iliyowahi kuloa, na kazi za kufuma zisizo na sindano. Hizo za mwisho zipitishie uzi kwenye vitanzi vyote papo hapo, kabla hujaziinua. Vitanzi visivyoshikwa na kitu vinangoja kuguswa tu vifumuke.

Hatua ya 2: Ijue tabia ya kila kazi

Hapa ndipo kufuma na felti vinapoachana njia, na watu wengi hawalizingatii hilo wanapopanga kazi zao.

Kitambaa cha kufuma ni vitanzi vilivyopitishwa ndani ya vitanzi. Ukivuta uzi, unarudi nyuma hadi ulipoanzia, na mara nyingi uzi wenyewe utatumika tena. Felti haina njia ya kurudi. Unywele wa sufu ukitazamwa kwa hadubini unaonekana umefunikwa na magamba madogo, ncha zote zikielekea upande mmoja. Maji ya moto na sabuni hulainisha unywele na kuyainua magamba. Msuguano nao huzifanya nywele zitambae na kusokotana. Zikishashikana, basi. Hakuna ufundi wa kuzitenganisha.

Kutokana na hilo, kazi zako zigawe kwa namna zinavyokubali kukatizwa.

Zipo zinazosimama popote. Felti ya sindano ndiyo namba moja: unachoma sufu kavu kwa sindano yenye vijino, na unaweza kuiacha hata kama mlango umegongwa. Skafu nyepesi isiyo na ruwaza nayo iko hapa.

Zipo zinazosimama kwenye kituo. Hapa weka shali yenye ruwaza ya matundu, sweta lenye misokoto, kisigino cha soksi, na sehemu yoyote inayopunguzwa vitanzi kwa hesabu. Ukiziacha katikati ya kituo na kituo utalipa baadaye kwa kuhesabu upya.

Halafu kuna felti ya maji. Hii ikishaloweshwa inataka mtu wake hadi ifike mahali fulani, na mahali hapo nitapaeleza kwenye hatua ya 6. Usiimwagie maji kama huna nafasi ya kutosha mbele yako. Kwa uzoefu wangu, kuchelewa kuanza hakujawahi kuharibu felti. Kukatizwa katikati kunaharibu.

Hatua ya 3: Amua hatima ya kila moja

Kwa kila kazi jiulize swali moja: ningekuwa na uzi huu leo, ningeanza kitu hiki hiki? Ukijibu ndiyo, inabaki. Ukijibu hapana, una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuifumua. Fumua polepole, ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti ili upate kitanzi kikubwa, kisha kifunge mahali panne kwa vipande vya uzi wa pamba. Kiloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, kamua taratibu bila kusokota, kitundike kikauke kwa uzito wake chenyewe. Mikunjo itanyooka. Ukiufuma uzi huo ukiwa bado umejikunja, vitanzi vitatoka virefu na vifupi na utadhani mkono wako umeharibika. Uzi wenye manyoya marefu, kama moheri, hufumuka kwa tabu kwa sababu nywele zake zinakumbatiana. Uufumue kidogo kidogo, na ukigoma uweke kwenye friza kwa muda mfupi kwanza. Baridi hupunguza kung'ang'ania kwake.

Njia ya pili ni kumpa mtu mwingine ikiwa na sindano zake na maelekezo yake. Wapo watu wanaopenda kumalizia kuliko kuanza. Watafute, ni adimu.

Njia ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi: kuigeuza felti. Sweta lililotoka kubwa kupita kiasi, au kipande chenye makosa usiyotaka kuyaona tena, kinaweza kuoshwa kwa maji ya moto na msuguano hadi kisinyae na kuwa kitambaa kizito kinachokatwa kwa mkasi bila kufumuka. Kinatoa mfuko, mkeka wa kuwekea sufuria, soli za viatu vya ndani. Lakini hakikisha kwanza kwamba uzi wenyewe unakubali. Akriliki na pamba havigandamani kabisa. Sufu iliyoandikwa kwenye lebo kwamba inaoshwa kwa mashine nayo kwa kawaida haikubali, kwa kuwa magamba yake yameondolewa makali, mara nyingi kwa klorini, au yamefunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Kama lebo imepotea, chukua kipande cha uzi cha urefu wa mkono, kikunje, kiloweshe kwa maji ya moto yenye sabuni na ukifikiche viganjani kwa dakika kadhaa. Kikiwa kijidonge kigumu kisichofumuka, una sufu ya felti. Kikibaki nyuzi zilizochoka, fumua.

Ukitumia mashine ya kufulia, iweke kazi ndani ya foronya yenye zipu, maana manyoya yanayotoka huziba bomba. Ongeza nguo nzito mbili tatu zisizochuja rangi ili zisaidie msuguano, na chungulia mara kwa mara kama mashine yako inaruhusu. Kitambaa cha kufuma kwa kawaida husinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa hiyo mfuko uliotaka uwe mrefu utatoka mpana. Ukitaka kujua kwa hakika, fuma kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20, kioshe vilevile utakavyoosha kazi yenyewe, kisha ukipime upya pande zote mbili.

Kabla ya kusema kazi fulani inabaki, hakikisha uzi wake utatosha. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi. Pima donge, fuma mistari 10, pima tena. Tuseme imekula gramu 12 na umebakiwa na gramu 45: una mistari 37 hivi, na humo lazima utoe uzi wa kufungia vitanzi, ambao huwa mara tatu hadi nne ya upana wa kazi. Kwa mikono ya sweta ni rahisi zaidi. Pima mkono wa kwanza ukimalizika. Kama mkono huo una gramu 70 na donge lililobaki lina 64, afadhali ujue leo kuliko kujua ukiwa kwenye bega. Fuma pindo au ukingo kwa rangi nyingine, au fupisha mikono yote miwili.

Hatua ya 4: Jiwekee ukomo

Idadi yenyewe haijalishi sana. Ninachoshauri ni kazi moja hai kwa kila tabia: moja ya kubeba safarini au kufuma ukiongea na watu, moja ya kuumiza kichwa, moja ya felti ya sindano, moja ya felti ya maji. Kazi mbili za kuumiza kichwa hushindania saa zilezile za utulivu, na moja lazima inyauke. Skafu mbili za kubeba haziwezi kukaa mkononi kwa pamoja.

Nyingine zote ziite zilizolala. Hazikudai chochote.

Hatua ya 5: Simamisha kazi ya kufuma kiungwana

Maliza mstari. Hili ni jambo dogo lenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Vitanzi vikiachwa nusu kwenye sindano ya kushoto na nusu kwenye ya kulia, vile vya katikati hunyooka, na mwanya wake utaonekana hata baada ya kuosha. Ikibidi kabisa usimame katikati, kumbuka kwa siku utakayorudi: kwa anayefuma kwa mkono wa kulia, uzi unaotoka kwenye donge hushikilia kitanzi cha mwisho kilichofumwa, na kitanzi hicho hukaa kwenye sindano ya kulia. Watu wengi hurudi kwa kugeuza kazi bila kujua, wakaacha kishimo.

Kwenye ruwaza ya matundu au misokoto, simama mwishoni mwa mzunguko mzima wa ruwaza, kisha weka uzi wa usalama. Chukua uzi mwembamba wa pamba, laini, wa rangi tofauti, uutie kwenye sindano butu ya kushonea na uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia. Usiupitishe ndani ya vipete vya alama, vitanaswa. Ukija kukosea mbele, unafumua hadi kwenye uzi huo na hautapita hapo.

Kama unajua kazi italala kwa zaidi ya wiki chache, toa sindano kabisa. Mstari uliokaa muda mrefu kwenye sindano hutanuka na kuacha alama, na sindano yenyewe inahitajika kwingine. Hamishia vitanzi kwenye uzi wa pamba, au kama una sindano za waya zinazofunguka ncha, fungua ncha, weka vizibo, acha kazi kwenye waya. Hapo ndipo hatari mpya inapoingia: ukirudi hutakumbuka ulitumia ukubwa gani.

Basi andika. Andika kwenye karatasi, uichome ndani ya kazi yenyewe kwa pini isiyoshika kutu. Simu hubadilishwa, karatasi hubaki na kazi. Na ukubwa wa sindano uandike kwa milimita. Ukiandika "namba 8" umejitegea mtego, kwa sababu namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4. Tena mifumo hiyo inakwenda kinyume: ya Marekani namba ikipanda sindano inanenepa, ya zamani ya Uingereza namba ikipanda sindano inakonda.

Mbali na sindano, karatasi ibebe mambo haya: mstari uliofika na upande unaofuata kufumwa, idadi ya vitanzi vilivyopo, na maelekezo yanapatikana wapi na kwenye saizi ipi. Andika pia mabadiliko uliyojiamulia mwenyewe. Hili la mwisho ndilo watu huliruka kwa kuamini kumbukumbu. Kama ulipunguza vitanzi kila mstari wa sita badala ya wa nne kwenye mkono wa kwanza, mkono wa pili hautajua.

Lebo ya uzi ifungie humo humo. Ina namba ya mkupuo wa rangi, yaani kundi la madonge yaliyochovywa kwa pamoja. Rangi ya jina moja ya mkupuo mwingine inaweza kufanana dukani na kutofautiana kabisa mwilini. Ikitokea umelazimika kuchanganya, fuma mistari miwili kwa donge la zamani na miwili kwa jipya kwa sentimita kadhaa, ili mpaka wa rangi usionekane kama umechorwa kwa rula.

Hatua ya 6: Simamisha felti mahali salama

Felti ya maji ina vituo viwili tu.

Cha kwanza ni kabla ya maji. Ukishapanga matabaka ya sufu kavu kwenye plastiki yenye viputo, unaweza kuyafunika kwa kitambaa chepesi, ukaweka kitu bapa juu ili upepo usiyavuruge, na ukarudi kesho au wiki ijayo. Andika uzito wa sufu uliyotumia kwa kila tabaka, hasa kama unatengeneza vitu viwili vinavyopaswa kulingana, kama viatu vya ndani.

Kituo cha pili ni pale sufu inaposhikana kiasi cha kuinuliwa ikiwa kitambaa kimoja. Kipimo chake ni kufinya: bana sehemu ya juu kwa vidole viwili na uinue taratibu. Nywele zikiinuka peke yake, bado, endelea kusugua. Ukiinua na kitambaa chote kikafuata, umefika kituoni. Suuza sabuni yote kwa maji safi, na kwa suuzo la mwisho tia siki kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita kadhaa za maji. Sabuni ni ya alikali, na ikiachwa ndani ya sufu kwa muda mrefu huidhoofisha, siki huizima. Kamua kwa taulo, kausha ikiwa imelala. Siku ukirudi, ilowanishe tena kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uendelee kuisinyaza.

Katikati ya vituo hivyo, ukikatizwa kwa saa chache, kunja kazi pamoja na plastiki yake na uiweke mahali pa baridi. Usiifungie ndani ya mfuko ukaisahau. Sufu mbichi, yenye maji na iliyokosa hewa huanza kunuka haraka, na ukungu hufuata.

Jambo ambalo lazima liwe limeandikwa kabla ya kusimama ni kipimo cha kuanzia. Felti husinyaa, na kiasi chake kinategemea sufu, unene wa matabaka na nguvu ya mikono yako. Usikopi kipimo cha mtu. Tengeneza kipande cha majaribio cha sentimita 30 na ukisinyaze kabisa. Tuseme kimefika sentimita 21. Gawanya 30 kwa 21, unapata kama 1.43. Ukitaka kitu cha sentimita 20 kikishakamilika, kiolezo chako, yaani umbo la kupangia sufu, kiwe sentimita 28.6. Andika namba hiyo kwenye kiolezo chenyewe kwa kalamu isiyofutika na maji. Bila hiyo, ukirudi kwenye kazi iliyosinyaa nusu hutajua umebakiza safari ndefu kiasi gani.

Ukirudi na kutamani kuongeza tabaka au ua juu ya sehemu iliyokwisha kugandamana, ujue sufu mpya itashika kwa shida, kwa kuwa nywele za chini zimeshafungana. Parura uso wa felti kwa brashi ngumu hadi manyoya yainuke, chomea sufu mpya kwa sindano ya felti, halafu ndipo uweke maji.

Felti ya sindano haina masharti mengi. Kwanza, hesabu sindano kabla ya kufunga mfuko. Ni nyembamba, huvunjika kirahisi zikiinamishwa, na ncha iliyobaki ndani ya sponji itakutafuta kidole. Pili, usiziache zimechomekwa kwenye sufu yenye unyevu. Tatu, andika namba ya sindano uliyokuwa nayo: hapa namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, 36 kwa kujenga umbo, 38 kwa kazi ya kawaida, 40 kwa kulainisha uso. Na kama umbo lina viungo vitakavyoungwa baadaye, masikio ya yule sungura kwa mfano, acha ncha ya kila kiungo ikiwa manyoya matupu yasiyochomwa. Manyoya hayo ndiyo yatakayoingia mwilini na kushika. Ukichoma hadi mwisho kwa kutaka kukamilisha leo, sikio litakuwa gumu pande zote na halitaunganika.

Rangi ulizochanganya mwenyewe kwa kuchana sufu pamoja, changanya nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Kijivu chenye bluu kidogo cha leo hutakipata tena mwezi ujao.

Hatua ya 7: Kila kazi na mfuko wake

Mfuko wa kitambaa unaotosha, wenye kufungwa. Ndani: kazi, uzi, karatasi, lebo. Sufu isiyofumwa ikae mbali na kazi nyingine kwa sababu manyoya yake hunasa kila mahali. Zilizolala ziingie kwenye mifuko ya zipu isiyopitisha hewa, zikiwa safi na kavu kabisa, na zitolewe kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Kumtikisia nondo makao yake ni nusu ya kinga.

Hatua ya 8: Rudi kwa adabu

Usiketi ukaanza mstari unaofuata. Soma karatasi, hesabu vitanzi, linganisha. Kama hesabu inapishana na karatasi, mara nyingi kosa liko kwenye mistari michache ya mwisho, uliyofuma ukiwa umechoka.

Kisha fuma kipande kidogo pembeni kwa uzi uleule au unaofanana, ili mkono upate joto na kipimo chake kionekane. Mkono hubadilika. Aliyekuwa akifuma kwa kukaza huweza kurudi amelegea, au kinyume chake, na tofauti ndogo huzaa pengo kubwa. Kwa vitanzi 22 katika sentimita 10, mzunguko wa vitanzi 200 unatoa karibu sentimita 91. Ukilegea hadi 20 katika sentimita 10, mzunguko uleule ni sentimita 100. Hilo ni sweta la mtu mwingine. Kama mkono umebadilika, badilisha sindano kwa robo au nusu milimita, na usijaribu kujilazimisha kukaza. Utaumia viganja na bado mistari haitalingana.

Mstari ule uliokaa kwenye sindano muda mrefu ukionekana umetanuka, fumua huo na mmoja chini yake, ufume upya.

Hatua ya 9: Panga zamu kwa kufuata mwili na saa

Ratiba za kalenda, kwamba Jumatatu soksi na Jumanne shali, sijawahi kuona zikidumu. Zamu inayodumu inafuata hali yako. Ukiwa na akili safi na kimya, shika ya kuumiza kichwa. Ukichoka, ya kubeba. Siku yenye nafasi ndefu na meza tupu, toa felti ya maji.

Viganja na mabega navyo vina kauli. Kufuma kunarudia mwendo mdogo wa vidole na kifundo cha mkono. Felti ya sindano inapiga juu chini bila kupumzika. Felti ya maji inatumia mabega na mgongo. Kubadilisha kati ya hizo tatu kunampa kila msuli likizo yake, na hiyo ni sababu ya kweli ya kuwa na kazi zaidi ya moja. Ganzi au maumivu yasiyoisha baada ya kupumzika yanahitaji mtaalamu wa afya, si mto wa kuegemea.

Kazi nyingine zimelala hatua moja tu kabla ya mwisho, na hapo dawa ni kuvunja mwisho huo vipande. Soksi ya pili ianze siku ileile ya kwanza ilipokwisha, hata kama utaweka vitanzi vya kuanzia tu na mistari miwili. Ukiweza, fuma zote mbili sambamba kwenye sindano ndefu ya waya ya sentimita 80 hadi 100. Nyuzi zinazoning'inia zifiche kadiri unavyokwenda. Kwa sufu isiyozuiwa kugandamana unaweza kuzikwepa kabisa: chambua ncha mbili, moja ya donge linalokwisha na moja ya jipya, zipishanishe sentimita kadhaa, zilowanishe kwa maji au mate, na uzisugue viganjani kwa nguvu hadi zipate joto. Zitagandamana ziwe uzi mmoja. Ni felti ndani ya kufuma, na haina fundo.

Kuosha na kunyoosha ndiyo kazi ya mwisho. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20 hadi 30, bila kusugua, kwa sababu msuguano uleule uliokupa felti utakuharibia sweta. Inua ukiwa umeishika yote kwa mikono miwili, ikunje ndani ya taulo, bonyeza, tandaza kwa vipimo vilivyo kwenye karatasi. Kazi ikikauka, hifadhi mita kadhaa za uzi pamoja na lebo kwa ajili ya kuziba tundu siku zijazo, rudisha sindano mahali pake, kisha chagua moja katika zile zilizolala na uanze kwa kusoma karatasi yake.